Wasomi Waliosimama Sokoni

Somo la mwezi kwa vikundi vya nyumbani, Umoja wa Akina Mama na Umoja wa Vijana

Masomo ya kusoma kabla ya kukutana: Mathayo 20:1-16; Kutoka 31:1-11; 2 Wathesalonike 3:6-13



Jambo tunalojifunza mwezi huu si geni kwa nyumba yo yote katika parishi yetu, iwe ya mjini Same au ya huko juu milimani. Karibu kila ukoo una kijana aliyesoma na ambaye hana kazi. Wazazi waliuza mbuzi, wengine waliuza hata kipande cha shamba, ili mtoto afike kidato cha sita, au chuo cha ualimu, au chuo kikuu. Siku ya mahafali tulipiga vigelegele na kanisani tukatoa shukrani. Sasa miaka mitatu au minne imepita. Vyeti vimo katika bahasha ya kaki chini ya godoro, na mwenye vyeti anaendesha pikipiki ya mtu mwingine pale stendi, au yuko nyumbani tu, akikwepa kukutana na watu wazima kwa sababu anajua swali watakalomwuliza.

Juu ya vijana hawa tumezoea kusema mambo mawili. Wengine husema kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu na wanachagua kazi. Wengine husema kwamba elimu haina maana tena, na afadhali mtoto angeanza biashara alipomaliza darasa la saba. Nia ya somo hili ni kuonyesha kwamba maneno yote mawili si ya kweli, kwamba yanawaumiza watoto wetu bure, na kwamba Bwana wetu anatuonyesha njia nyingine ya kulitazama jambo hili.

1. Bwana shamba hakuwaita wavivu

Tuusome vizuri mfano wa mwenye shamba la mizabibu. Alitoka alfajiri akaajiri watu. Akatoka tena saa tatu, akatoka saa sita, akatoka saa tisa, na mwisho akatoka saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Mara hiyo ya mwisho akawakuta watu wamesimama tu. Alipowauliza sababu, walimjibu kwamba hakupatikana mtu wa kuwapa kazi.

Tazama alivyofanya. Hakuwaambia kwamba wanasema uongo. Hakuwahubiria juu ya uvivu. Aliyakubali maneno yao, akawapeleka shambani. Tena tukumbuke ya kwamba watu hao hawakuwa wamelala nyumbani. Walikuwa sokoni, mahali ambapo mtu mwenye kutafuta kazi husimama. Katika mfano huu anayetoka mara tano kwa siku ni mwenye shamba.

Wako watakaotukumbusha maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kwamba mtu wa namna fulani asile chakula. Lakini soma kwa makini: Paulo anamsema mtu ambaye hataki kufanya kazi. Hamsemi mtu aliyeitafuta akaikosa. Kulichukua andiko hili na kumpiga nalo kijana ambaye ameandika barua hamsini za maombi ni kulitumia Neno la Mungu vibaya.

2. Zamani mwenye cheti alikuwa akingojewa

Ili tuelewe yaliyotupata, hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Tulipopata Uhuru mwaka 1961 wasomi walikuwa wachache mno. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi Oktoba mwaka huo kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Serikali ilipanga nafasi za sekondari na za vyuo kwa kuhesabu maofisa, walimu, waganga na mafundi waliohitajika, na lengo lake lilikuwa nchi ijitosheleze kwa wataalamu ifikapo mwaka 1980. Kwa hiyo mtu aliyemaliza kidato cha nne hakuzunguka kutafuta kazi. Kazi ilikuwa inamngojea.

Wapare waliuona mlango huo mapema. Shule za misheni zilikuwa zimeenea milimani tangu zamani, na wananchi wenyewe walijenga madarasa kwa msaragambo, kila kaya ikichangia mawe, mchanga na nguvu. Kahawa ililipa ada. Kutoka Mbaga, Suji, Vudee, Gonja na Chome walitoka makarani, walimu na maofisa waliotawanyika Tanzania nzima. Ndiyo maana wazee wetu wakafundisha watoto wao kwamba shule ndiyo njia, na kwa wakati ule walisema kweli.

Hata hivyo Mwalimu Nyerere aliona hatari iliyokuwa mbele. Katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea, ya mwezi Machi 1967, alionyesha kwamba katika kila watoto 100 waliomaliza shule ya msingi, ni kama 13 tu waliopata nafasi ya sekondari. Shule ikiwatayarisha wote kana kwamba watakuwa miongoni mwa wale 13, wengine wote watatoka wakijiona wameshindwa, nao ndio walio wengi. Tangu wakati huo hesabu zimebadilika sana, lakini tatizo ni lile lile, ila limepanda kutoka darasa la saba mpaka chuo kikuu.

3. Wanaotoka shule ni wengi, nafasi ni chache

Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliamua kila mtoto aingie shule ya msingi upesi. Baada ya mwaka 2005 zikajengwa sekondari za kata nchi nzima. Kuanzia Januari 2016 ada iliondolewa katika shule za serikali mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kwa kidato cha tano na cha sita. Vyuo vikuu navyo, ambavyo mpaka mwaka 1984 kilikuwa kimoja tu, vimekuwa vingi. Haya yote ni mema, na tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Leo mtoto wa mjane anaweza kufika mahali ambapo zamani alifika mtoto wa mwenye kahawa tu.

Lakini wakati wanafunzi walipoongezeka, nafasi za kazi za mshahara hazikuongezeka kwa kadiri ile. Katika miaka ya 1990 serikali ilipunguza watumishi wake, na mashirika mengi ya umma yakauzwa au kufungwa. Mkonge, ambao huku chini tambarare uliajiri vibarua pamoja na makarani, madereva na mafundi mitambo, ulianguka: nchi iliyotoa zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964 ilikuwa ikitoa chini ya tani 40,000 katika miaka ya 1990. Kahawa nayo ilipata pigo mwaka 1989, mapatano ya dunia ya kugawana soko yalipovunjika na bei ikaporomoka.

Matokeo yake tumeyaona kwa macho. Mwezi Juni 2014 vijana zaidi ya 10,000 waliitwa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Ni watu zaidi ya 140 kwa kila nafasi. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, na maombi yakazidi 135,000. Kwa kila mmoja aliyepata, zaidi ya 80 walikosa.

Ndugu msomaji, zitafakari hesabu hizi. Hata kama waombaji wale wote wangekuwa na bidii ya mchwa na hekima ya Sulemani, walioajiriwa wangekuwa 1,596 tu. Uvivu wa mtu mmoja unaweza kueleza kwa nini yeye amekosa na jirani yake amepata. Hauwezi kueleza kwa nini watu 130,000 wamekosa.

Tena wengi wao wana deni. Aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi siku atakapoajiriwa, mpaka deni liishe. Kwa hiyo kijana anayekaa bila kazi anajua kwamba deni la elimu bado linamngoja.

4. Je, si warudi shambani?

Hili ndilo neno tunalolisema upesi. Lakini tujiulize, shamba lipi? Milimani mashamba ni madogo, nayo yamegawanywa kwa wana vizazi vitatu au vinne. Tambarare ardhi ipo, lakini mvua ni haba, na pasipo maji hakuna mavuno. Mara nyingi shamba lenye maji ni la mzee, na mtoto wa miaka thelathini hawezi kupanda hata mche mmoja wa kudumu bila ruhusa. Tangawizi ya Mamba Miamba na mpunga wa Ndungu vimewasaidia wengi, lakini kila mkulima anajua jinsi bei inavyoweza kuanguka siku ile ile ya mavuno.

Yako na ya kwetu wazazi. Tangu darasa la kwanza tulimwambia mtoto asome kwa bidii asije akalima kama sisi. Shuleni, aliyechelewa au aliyepiga kelele alipewa jembe. Tumelifanya jembe kuwa adhabu kwa miaka kumi na mitatu, kisha siku anapokosa ajira tunamkabidhi jembe lile lile na kumwambia ni baraka. Tusishangae akilipokea kama mtu aliyehukumiwa.

Wala haya si ya Upare peke yake. Mtaalamu mmoja, Philip Foster, alichunguza shule za Ghana akaandika mwaka 1965 juu ya fikira iliyokuwa imeenea kwamba shule ikifundisha kilimo na ufundi, watoto watapenda kilimo na ufundi. Aliona kwamba sivyo. Wazazi na watoto walikuwa wametazama tu ni kazi gani inayolipa vizuri na kwa uhakika, wakaona ni ya ofisini, nao wakachagua masomo yanayoelekea huko. Hawakuwa wajinga wala hawakupotoshwa na vitabu. Fundisho kwetu ni hili: kijana atakipenda kilimo siku atakapoona kilimo kinamtunza mtu na watoto wake. Mahubiri peke yake hayatoshi.

5. Cheti si ujuzi

Mwingereza Ronald Dore aliandika kitabu mwaka 1976 akitazama Uingereza, Japani, Sri Lanka na Kenya. Alieleza maradhi yanayozishika nchi zilizochelewa kujenga viwanda. Nafasi zikiwa chache, mwajiri hupandisha cheti anachokitaka ili apunguze foleni. Kazi iliyofanywa na mtu wa kidato cha nne sasa yatakiwa stashahada, kisha shahada. Kazi yenyewe haikubadilika, ila foleni imerefuka. Basi watu husoma zaidi ili wapate cheti kikubwa zaidi, na shule hufundisha ya mtihani tu.

Hapa ndipo lawama juu ya elimu yetu ina ukweli wake. Kijana anaweza kutaja sehemu zote za ua, asiweze kuuotesha mmea. Mwajiri naye humwuliza uzoefu wa miaka mitatu, wakati hakuna aliyempa hata mwezi mmoja wa kuupata. Kwa sababu hiyo Sera ya Elimu, toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika sekondari, ili ufundi ufundishwe pamoja na masomo ya kawaida. Ni hatua njema, ingawa itahitaji vifaa, karakana na walimu.

Sisi Wakristo tusiwe wa mwisho kuheshimu kazi ya mikono. Katika Kutoka sura ya 31 Mungu alimjaza Bezaleli Roho yake, awe stadi wa dhahabu, wa mawe na wa kuchonga miti. Mtume Paulo, msomi aliyelelewa miguuni pa Gamalieli, alishona mahema. Na katika nchi yetu ya Upare, ukoo wa Washana kule Ugweno uliheshimiwa kwa ujuzi wa kuhunzi chuma, na majembe yao yaliuzwa hata Uchagga. Lini basi tulianza kumhesabu fundi kuwa mtu aliyeshindwa shule?

Lakini elimu isidharauliwe. Mama aliyesoma huelewa maelezo ya dawa ya mtoto, husoma mkataba kabla ya kutia sahihi, na hadanganywi kwenye mizani. Tukianza kusema elimu haina maana, wa kwanza kutolewa shuleni watakuwa mabinti.

6. Kujiajiri kunahitaji ndiva

Siku hizi kila mgeni rasmi huwaambia vijana wajiajiri. Ni kweli kwamba wengi wa watu wetu huishi kwa kazi walizozianzisha wenyewe. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliokuja Kenya waliandika kwamba mafundi na wachuuzi wadogo, ambao baadaye wameitwa watu wa jua kali, si wazururaji bali ni wazalishaji wanaostahili kusaidiwa. Lakini kumwambia mtu ajiajiri bila ardhi, bila mtaji na bila aliyemfundisha, ni kama kumwambia yule aliyesimama sokoni ajiite mwenyewe shambani.

Wazee wetu walilijua hili kuliko sisi. Tazama ndiva zetu, kama ile ya Manoo kule Bangalala. Maji ya kijito hukusanywa usiku kucha, na mchana hufunguliwa yakashuka mifereji hata mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Kila mkulima hulima shamba lake mwenyewe na mazao ni yake. Lakini ndiva hakuichimba yeye. Ilichimbwa na kusafishwa kwa msaragambo. Mkulima hodari pasipo ndiva atapanda na mimea itakauka, na mtu akipita atasema huyu ni mvivu.

Swali la somo letu basi ni hili: ndiva ya vijana wetu waliosoma iko wapi, na ni nani atakayeichimba?

7. Yatupasayo kufanya

Serikali ina wajibu wake, nasi tuuseme bila woga. Lakini parishi nayo inaweza kuanza na haya:

(a) Tuulinde ulimi. Tusimwulize kijana mbele ya watu kama bado hajapata kazi. Tumwulize anajua kufanya nini, kisha tumtafutie mahali.

(b) Wazee wenye mashamba wawape vijana sehemu, au wawakodishe kwa maandishi na kwa miaka ya kutosha, wavulana na wasichana sawasawa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ile ile ya mwanamume.

(c) Mafundi wa parishi yetu, maseremala, waashi, washonaji na mafundi umeme, kila mmoja achukue mwanagenzi mmoja aliyemaliza shule. Msomi akijua ufundi, ataweza pia kupiga hesabu za kazi na kuandika mkataba.

(d) Kanisa lijitazame lenyewe kama mwajiri. Kijana akifundisha chekechea yetu au akitunza hesabu zetu mwaka mzima kwa jina la kujitolea, pasipo posho, sisi ndio tunaokawiza ujira wake. Bwana alisema mtenda kazi anastahili malipo (Luka 10:7). Na nafasi ikiwapo itangazwe kanisani kwa wote, isimalizike mezani kwa ndugu wa wakubwa.

(e) Halmashauri za wilaya hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa vijana, nne kwa wanawake na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Wastaafu wetu waliokuwa wahasibu na walimu wawasaidie vijana kuandika katiba ya kikundi na kutunza vitabu vya fedha.

(f) Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutolewa kwa intaneti. Mtu mmoja katika kila mtaa ayachapishe na kuyabandika kwenye ubao wa kanisa. Tena tuwaonye vijana: anayedai fedha ili akupe kazi ni tapeli.

Nanyi vijana, msikilize neno moja. Wale watu wa saa kumi na moja walikuwa wamebakiwa na saa moja tu ya mchana, lakini walipoitwa walikwenda. Hawakusema siku imekwisha. Kazi ndogo inayokuja leo haivunji shahada yako. Ifanye kwa uaminifu, na uendelee kusimama pale unapoweza kuonekana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu kuna vijana wangapi waliosoma na wasio na kazi? Je, tunawajua kwa majina na kwa ujuzi wao?
2. Mwenye shamba alitoka mara tano. Sisi tumetoka mara ngapi?
3. Ni maneno gani ya nyumbani au ya shuleni yanayomfanya mtoto aidharau kazi ya mikono? Tuyaache vipi?
4. Wa saa kumi na moja alipewa dinari nzima, kwa sababu naye alikuwa na nyumba ya kulisha. Hili linatufundisha nini juu ya ujira wa haki?
5. Katika mambo (a) mpaka (f), ni lipi kikundi chetu kitalifanya kabla ya mwezi ujao, na ni nani atakayelisimamia?

Tuombe

Ee Bwana, wewe uliyefanya kazi ya useremala Nazareti, wakumbuke watoto wetu wanaotafuta kazi wasiione. Uwalinde na kukata tamaa. Utupe sisi wenye mashamba, karakana na ofisi moyo wa kutoka tena kuwatafuta, hata kama jua limekwisha kushuka. Kwa jina lako tunaomba. Amina.